Samaki wa Yaya Didier

Asubuhi za majira ya baridi nyumbani kwetu Kasapa zilinukia makaa yaliyokataa kushika moto. Mama alipepea mbabula, jiko letu la makaa, uani, na moshi ukatambaa chini chini badala ya kupanda, huku vumbi jekundu la majira hayo yasiyo na mvua likiwa limelala juu ya kila kitu: madirisha, majani ya muhogo, hata sabuni. Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Katika majira hayo ndipo samaki wa kaka yangu alipoacha kula.

Alikuwa betta, samaki mdogo wa rangi ya buluu mwenye mapezi marefu yaliyopepea kama kitenge kwenye kamba. Sisi tulimwita kombatani, mpiganaji, kwa jinsi alivyotunisha mashavu akiona kivuli chake kwenye kioo. Kaka yangu mkubwa, Yaya Didier, alipewa na rafiki yake wa mtaa wa Golf ambaye familia yake ilikuwa inahama. Kisha mjomba wetu mfanyabiashara wa Sakania akamwomba baba ampeleke Didier akaishi naye na kusoma huko. Siku ya safari, kaka alinikabidhi chupa pana ya kioo ikiwa na samaki ndani. “Umuchunge, Mado,” aliniambia. “Nikirudi ku Noeli, nimukute muzima.” Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kunikabidhi kitu chenye uhai. Nilimwahidi, na ahadi ni deni.

Baridi ilipokolea, samaki alilala chini ya chupa, mapezi yamekunjwa, buluu yake imefifia ikawa kama majivu. Punje za chakula chake zilielea, zikavimba, zikaoza. Mama, mwanamke wa Kasai asiyependa kupoteza muda, alitupia jicho akasema, “Mado, hii samaki iko nakufa. Umuache tu.” Nikamjibu taratibu, “Mama, yaya alisema nimuchunge.” Alirudi kwenye mbabula yake. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu wangu hakuwa na kidevu cha kushika wala mdomo wa kufungua kwa kijiko. Ilinibidi nitafute kwanza kilichomwondolea hamu.

Jibu nililipata nilipotumbukiza mkono: maji yalikuwa baridi hadi vidole vikauma. Basi nikaanza kazi. Maji ya bomba niliyaacha ndooni mpaka harufu ya dawa ya kusafishia maji iishe, nikayaongeza kidogo kidogo. Chupa niliisimamisha ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, nikaifunga kwa sweta kuukuu, na mchana niliisogeza ukutani nikifuata jua lilikokwenda. Samaki alianza kupanda juu kuvuta pumzi, kama wafanyavyo betta, lakini kula hakula. Nikakumbuka kuwa Didier aliwahi kumpa viluwiluwi vya mbu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nami niliinama kweli, nikapiga magoti nyuma ya nyumba palipokuwa na tairi bovu lenye maji, nikavikamata kwa kikombe. Nilivimwaga chupani. Akavitazama, akageuka. Nikavitoa visije vikawa mbu, na kesho yake nikaleta vingine. Nililia kidogo, kisha nikaleta vingine tena.

Asubuhi moja nilitoka chumbani nikiwa na hofu kwamba nimechelewa kubadilisha maji ya beseni. Nikamkuta mama ameketi kitako sakafuni, birika ubavuni, kiwiko chake majini, kama alivyopima maji ya kuogeshea wachanga. “Ilikuwa imepoa,” alisema bila kunitazama. Nikaketi karibu naye. Nilidondosha kiluwiluwi kimoja majini kwa ncha ya kijiti cha ufagio. Kikajinyonganyonga. Samaki akakisogelea, akasita, halafu akakidaka kwa pigo moja. Mama alicheka hadi akashika tumbo. “Ongeza ingine,” alisema. “Asikule ya haraka, lakini ongeza.”

Didier alirudi Noeli akamkuta samaki wake ametunisha mashavu, buluu imemrudia. Samaki huyo aliishi nasi hadi mvua za mwaka uliofuata, akafa kwa uzee, nasi tukamzika chini ya mpera.

Leo nina nyumba yangu, na wanangu wana samaki kwenye tangi lenye kifaa cha kupasha maji. Umeme ukikatika, betri hushika zamu. Samaki akizubaa, binti yangu huuliza simu, na jibu huja kabla sijavaa miwani. Sijutii wepesi huo. Laiti tungekuwa na kifaa kile, yule kombatani asingeteseka, nami ningekipokea kwa mikono miwili. Ila mama, aliyeamka kabla ya jua na kulala baada ya wote, asingepata sababu ya kuketi sakafuni na mimi, mabega yetu yakigusana, tukimtazama samaki akila.