Nilivyotoka Kanyenye na filamu moja kwenda kuutafuta mlima wa Mzee Feruzi

Wakuu, heshima kwenu. Vijana mtakaoniamkia humu, marahaba, nimeshaitikia kabisa ili tusipoteze muda.

Mimi ni msomaji wa kimya hapa jukwaani. Juzi nimeona uzi wa kijana aliyepanda Oldonyo Lengai, akaweka picha arobaini za simu, na karibu nusu ni za uso wake. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuangalia kama niko salama.

Nikamwambia mlima huo nami niliupiga picha, enzi za Ujamaa. Kumi na mbili tu. Na zote nilikosea.

Ninayoandika yametokea. Atakayesema hii ni chai, anisubiri nimalize ndipo alete sukari.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa na miaka ishirini na sita, mpiga picha katika studio ya Mzee Feruzi pale Kanyenye, Tabora mjini.

Vijana, nyie hamjui studio. Mtu alikuwa anaoga, anavaa nguo ya sikukuu, anakuja kukaa kwenye benchi anangoja zamu. Asiye na koti tulikuwa tunamvalisha la studio. Lilikuwa moja tu, mgongoni tunalibana na vibanio vya nguo ili limkae. Nusu ya wanaume wa Tabora wamepigwa picha na koti lile, na kila mmoja watoto wake wanaamini lilikuwa lake.

Nyuma ya mteja kulikuwa na pazia. Hapo ndipo penye kisa.

Pazia lile Mzee Feruzi alilichora mwenyewe. Kwa kuwa kitambaa cha marekani upana wake ni mdogo, alishonesha vipande viwili pamoja, na mshono ukawa unashuka katikati kutoka juu hadi chini. Tena haukunyooka. Karibu na usawa wa kichwa ulikuwa umepinda, mtu wa cherehani alikuwa na haraka zake.

Siku zote tulikuwa tunajaribu kuuficha nyuma ya mteja, na siku zote ulikuwa unachungulia.

Juu ya pazia alichora mlima mrefu uliochongoka, kileleni mweupe, na katika weupe huohuo unatoka moshi.

Mlima huo hakuubuni. Baba yake alikuwa mpagazi. Mnajua Wanyamwezi na misafara: pembe za ndovu begani kutoka Unyanyembe mpaka pwani, miezi kwa miezi, kwa miguu. Misafara mingine ilikwenda kaskazini, Umasaini. Huyo baba alirudi kutoka huko na sugu ya mzigo begani na habari ya mlima mweupe unaotoa moshi. Alimsimulia mwanawe mpaka siku anakufa.

Mwana ndiye akaja kuuchora.

Sasa siku moja akaja Mwalimu Kasanda, mwalimu wa jiografia, mtu wa heshima zake. Miaka ya nyuma, kabla hajaenda chuo, picha ya harusi yake ilipigwa palepale mbele ya pazia lile. Ila safari hii alikuwa amesoma.

Akalitazama pazia, benchi limejaa watu, akasema, "Mzee wangu, hapa pamekosewa. Weupe wa kileleni ni theluji. Theluji na moto haviwezi kukaa pamoja. Aliyekusimulia alikudanganya."

Mzee Feruzi akamjibu taratibu, "Aliyenisimulia ni baba yangu, Mwalimu."

"Basi wazee wetu walikuwa na hadithi zao," akasema Mwalimu, akacheka, na benchi zima likacheka.

Wakuu, Tabora ni mji wa maneno. Haikupita wiki mlima ukapewa jina: Theluji ya Moto. Mteja akiingia anasema nipigeni, ila mbali na theluji ya moto nisije nikaungua. Wengine wakaanza kudai pazia jeupe tupu.

Mzee alikuwa anacheka nao. Mimi niliyekaa naye kutwa nilikuwa naona kicheko kinaishia kwenye meno.

Asubuhi moja nikamkuta amelitandaza pazia sakafuni, pembeni kopo la rangi ya bluu.

"Kabla ya Saba Saba nataka hapa pawe mbingu tupu," akaniambia.

"Na mlima, Mzee?"

"Nitaufuta. Kila anayekuja kupiga picha anamtukana baba. Yeye alibeba mizigo ya watu maisha yake yote, si haki nimbebeshe na huu."

Iliniuma sana, nasema ukweli. Mzee yule alinifundisha kazi tangu siwezi hata kufungua kamera. Nikamwomba asiguse brashi mpaka nirudi.

"Unakwenda wapi?"

"Kuuangalia."

Mzee akaingia chumba cha giza, akatoka na kamera ya kupigia harusi za nje na filamu moja ya picha kumi na mbili. Filamu zilikuwa adimu kipindi kile. Tulikuwa tumebakiwa na mbili, tumezitunza kwa ajili ya Saba Saba.

"Usipouona, rudi uniambie hukuuona," akasema. "Usinihurumie."

Balozi wa nyumba kumi akaniandikia barua ya safari, nikadandia lori lililobeba mapipa ya asali ya Sikonge kwenda Arusha. Ushauri wa bure: usisafiri na asali juani. Nyuki walitufuata Nzega, Igunga, mpaka Singida, kila tukisimama wanapanda abiria wapya. Nilishuka njia panda ya Makuyuni na sikio moja limevimba.

Njiani, pale mbuga ya Wembere ilipofunguka, ndege wametanda majini mpaka jicho linachoka, mkono ulinicheza kwenye kamera. Nikajizuia. Kumi na mbili ni kumi na mbili.

Kutoka Mto wa Mbu nilipata gari mpaka Engaruka. Mwenyekiti wa kijiji akaisoma barua yangu mara mbili.

"Ndugu, umetoka Tabora kuja kupiga picha mlima?"

"Ndiyo, ndugu Mwenyekiti."

"Mlima umekosa nini?"

Akacheka, akaniunganisha na Mmasai mmoja wa makamo, Loishiye, anayejua njia na Kiswahili kidogo.

Tukatembea. Nchi ile haina mfano wake kwetu. Sisi tumezoea miombo, ukigeuka unakutana na mti. Kule ni uwazi mtupu, majivu yanaingia kwenye viatu, upande mmoja ukuta wa Bonde la Ufa, na mashimo ya zamani ya moto yamekaa njiani kama vyungu vilivyosahauliwa. Mimi nilibeba kamera na kibuyu cha maji tu, nikachoka. Nikawa namfikiria yule mpagazi na pembe begani. Nilijisikia fahari kwamba mtu wa kwetu alipita hapo bila kusukumwa na ubishi wa mtu.

Tulifika, mlima haupo. Wingu limeufunika mpaka kiunoni. Siku ya kwanza hivyo, siku ya pili hivyo. Unga wetu ukakaribia kwisha.

Siku ya tatu asubuhi Loishiye akaniita. Nikatoka.

Wakuu, nilikaa chini. Mlima umesimama peke yake, umechongoka, kileleni mweupe, na katika weupe ule unatoka moshi mwembamba unaoinamia upande mmoja. Pazia la Kanyenye lilikuwa limesimama mbele yangu, ila refu mpaka shingo inauma. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

"Ule weupe ni barafu?" nikamuuliza Loishiye.

Akanishangaa. "Barafu ya nini? Mlima unatapika tope jeusi. Likilala siku mbili tatu, linakuwa jeupe." Akanipeleka kwenye korongo lililoshuka kutoka juu, akachota unga mweupe, nikaujaza kwenye kikopo cha filamu.

Sasa njooni kwenye kosa langu.

Mimi ni mtu wa studio. Kwetu picha isiyo na mtu ni filamu iliyoharibika. Mteja angekuuliza, sasa hapa nani amepigwa? Kwa hiyo bila hata kufikiri nikamsimamisha Loishiye mbele ya mlima, kidevu juu, mikono pembeni, usicheke, usipepese. Pwaa. Geuka kidogo. Pwaa.

Baada ya picha ya tisa akaniuliza, "Umekuja kunipiga mimi au mlima?"

Nikamwambia atulie, anaharibu pozi.

Nilirudi Tabora siku chache kabla ya Saba Saba. Mimi na Mzee tukaingia chumba cha giza pamoja, na karatasi ya kwanza ilipoanza kutoa mlima ndani ya dawa, akainama mpaka pua ikakaribia dawa. Picha nne zilitoka safi. Akazianika, akatoka kibarazani, akamtuma mtu akamwite Mwalimu.

Mwalimu akaja, na Kanyenye nzima nyuma yake. Akaishika picha, akaitazama kwa muda. Kisha akatabasamu.

"Ninyi watu ni mafundi. Hii mmeipiga hapo ndani. Mmemvalisha mtu rubega mkamsimamisha mbele ya pazia."

Watu wakaangua kicheko. Nikaitazama picha kwa macho yake. Mtu wima, katikati, kidevu juu, nyuma yake mlima. Ilikuwa picha ya studio kabisa. Nimesafiri kote kule, nimemaliza filamu ya Saba Saba, nimerudi na ushahidi dhidi ya Mzee wangu mwenyewe.

Nikatoa kikopo cha unga. "Chokaa hiyo," akasema mmoja.

Kwenye kundi alikuwamo Bi Mwasiti, mke wa Mwalimu, na kapu lake la sokoni. Akachovya kidole kwenye unga, akaonja.

"Si chokaa. Haya ni magadi," akasema. Kisha akaichukua ile picha, akaisogeza karibu, akaipeleka mbali. "Mbona hapa hakuna mshono?"

"Mshono gani?" akauliza Mwalimu.

"Baba Zaituni, nisubiri." Nyumba yao ilikuwa mtaa wa pili. Akaenda, akarudi na fremu imefungwa kwenye khanga. Picha ya harusi yao. Mwalimu kijana, ndani ya koti la studio, na nyuma yake ule mshono unapanda kutoka kwenye kola, umejipinda usawa wa sikio, unaendelea juu kukata mlima vipande viwili.

"Miaka yote nimekaa na mshono huu ukutani kwangu," akasema Bi Mwasiti. "Kila nikipangusa vumbi unanikera. Huyu Mmasai wa kwenu hana mshono. Huyu kasimama mbele ya mlima."

Watu wakaanza kuondoka mbio. Wanakwenda kuleta picha zao! Akaja mama na picha ya arobaini ya mwanawe, mshono upo. Fundi viatu na picha ya kipaimara ya dada yake, upo. Kibaraza kilijaa fremu. Kati ya zote, picha za Lengai tu ndizo hazikuwa na mshono.

Mwalimu akaziweka mbili pamoja, ya harusi na ya Lengai. Alikuwa mtu muungwana, hilo nampa. Akavua kofia.

"Mzee Feruzi, nimekosa. Magadi hayazimi moto. Niliyemwita muongo alitembea akaona, mimi nimesoma nikiwa nimekaa. Unisamehe wewe, na marehemu anisamehe."

Mzee alimshika bega. Kisha akaingia ndani, akalitundika pazia, akasimama mbele yake.

"Sasa nipige mimi."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mzee aliyepiga picha mji mzima hakuwahi kupigwa hata moja. Nikachukua filamu ile ya mwisho. Kwa mazoea nikamwambia asogee kushoto kidogo, afunike mshono.

"Uache uonekane," akasema. "Watu wakiuona wajue huu mlima ni wangu. Usio na mshono ni wa baba."

Nikapiga. Ile rangi ya bluu tulipaka mlango.

Wakuu, nilichojifunza ni kifupi. Kabla hujamwita marehemu muongo, nenda kwanza alikokwenda. Na kama unapiga picha mlima, mwambie Mmasai akae pembeni.

Najua mtadai picha, na zipo. Ya Loishiye na ya Mzee Feruzi ziko ukutani hapa kwangu, nikipata mtu wa kunisaidia kuzipandisha mtaziona.

Ila na mimi nina ombi. Wenye wazee wa Tabora, nendeni mkatoe picha za zamani kwenye masanduku. Tazameni nyuma ya kichwa cha bibi au babu yako. Ukikuta mshono umepinda usawa wa sikio, ujue alisimama mbele ya mlima wa mpagazi. Uilete hapa tuione.

Koti usilidai. Lilikuwa la studio.