Barua ya Mfua Mashuka

Mama yangu mdogo alikuwa na miaka arobaini na mmoja, kumi na saba kati ya hiyo akiwa katibu muhtasi, alipopata kibarua cha miezi mitatu kwenye gazeti moja ughaibuni, alikomfuata mumewe masomoni. Katibu wao alikuwa likizo ya uzazi. Jina la Mama Mdogo hawakuliuliza. Walimwita Wa Muda.

Walimweka kati ya mashine ya fotokopi na mlango wa choo, achape matangazo ya vifo na barua za wasomaji.

Wiki ya tano mwandishi mmoja, anayejisikia kupita kiasi, akamjia na tabasamu. Alisema kuna hoteli ambako wafua mashuka wanaunguzwa na dawa za kufulia, na mmoja wao anaongea lugha ya kwao Mama Mdogo.

"Nitafsirie kwenye simu. Dakika kumi tu."

Ikawa saa nzima. Mfua mashuka alieleza mikono ilivyombabuka, na kwamba mara nne aliomba glavu akaambulia matusi. Mama Mdogo akaandika kila neno, akamkabidhi mwandishi.

Ijumaa habari ikatoka: mfua mashuka amekiri kuwa yeye na wenzake hawakujua kusoma maelekezo ya dawa.

Mama Mdogo akamfuata mwandishi mezani kwake.

"Haya hakuyasema."

"Ndivyo nilivyoelewa."

"Umeelewa kwa nani, wakati mimi ndiye niliyekwambia? Karatasi yangu iko wapi?"

"Nimeitupa. Sikiliza, dada, wewe ni wa muda tu. Acha kiherehere."

"Damu ilinichemka," Mama Mdogo huniambia, "nikatamani nimbamize na ile fotokopi."

Hajarudi kitini, simu ikalia. Mfua mashuka. Binti yake alikuwa amemsomea gazeti.

"Nilikuamini kwa kuwa unaongea kama mimi," alisema. "Kumbe umeniuza."

"Usikate, dada yangu. Sema tena yote. Nachapa barua kwa jina lako."

Jumatatu binti akaichukua barua, akairudisha na saini ya mama yake, imepinda kwa sababu ya bandeji. Mama Mdogo akaichomeka kwenye barua za wasomaji, kati ya malalamiko kuhusu mbwa na takataka. Mhariri wa ukurasa ule, mzee asiye na maneno mengi, akaisoma mara mbili.

"Ni kweli haya?"

"Mimi ndiye niliyetafsiri."

Akaipitisha.

Jumatano ikatoka. Kabla ya saa nane meneja wa gazeti alikuwa amemwita Mama Mdogo na kumwambia akusanye vitu vyake. Mwandishi hakuguswa. Hoteli ilinunua glavu, ila kuomba radhi, hakuna aliyethubutu.

Jioni ya Jumatano hiyo Mama Mdogo alimpelekea mfua mashuka nakala ya gazeti. Yule mama akaipokea, akasema asante, akafunga mlango.

"Yeye simlaumu hata kidogo," Mama Mdogo husema, sauti ikipanda kana kwamba ni jana. "Lakini yule mwanamume, nikikutana naye hata leo, na magoti yangu haya mabovu, atanitambua!"