Mhuri na Ukurasa wa Pili

Shemeji yangu, mume wa dada, ndiye mtoa fotokopi wa chuo, kwenye kile chumba cha chini ya ngazi za maktaba. Mimi niko juu, dawati la kuazimisha vitabu, kwa hiyo malalamiko yote dhidi yake hupanda hadi kwangu. Wanafunzi wanamwita Mhuri. Kabla hajabonyeza kitufe chochote huvaa miwani, hufunua ukurasa wa pili wa kitabu, husoma kwa kidole. Akiona maneno "haki ya kunakili" hutabasamu, hutoa nakala ya kitabu kizima, kisha huigongea mhuri aliouagiza mwenyewe: HAKI IMETHIBITISHWA. Asipoyaona atakufukuza, hata kama umeleta notisi ulizoandika kwa mkono wako.

"Haki ya kunakili si hii hapa?" huwaambia. "Mwenye kitabu katupa haki, tunakili. Asiyetoa, mimi simwibii."

Miaka saba! Na mimi, mtu mzima wa maktaba, sikuwahi kuuliza mhuri ule una maana gani. Nilidhani ni mbwembwe zake tu.

Muhula uliopita chuo kikaajiri afisa wa hakimiliki, mama mmoja mwenye sauti ya upole inayotisha. Akatangaza kwamba atakayekutwa akitoa nakala za vitabu vizima, chumba chake kitafungwa. Dada akanipigia simu roho juu.

"Kikifungwa, huyu mtu atashinda hapa ndani akinikagulia masufuria. Nitahama mimi!"

Mwenyewe hakuwa na wasiwasi hata chembe.

Siku ya ukaguzi nilishuka na yule mama. Mkononi alikuwa na kijitabu cha ofisi yake kuhusu hakimiliki, akitaka nakala arobaini za kugawa. Shemeji akavaa miwani, akafunua, akatafuta, akamrudishia.

"Samahani mama. Hiki hakina haki ya kunakili."

"Lakini kimeandikwa kinakiliwe na kugawiwa bure."

"Hayo ni maneno tu. Haki yenyewe haipo."

Afisa akanitazama. Akamuuliza polepole, "Kwa hiyo wewe unanakili vyenye haki ya kunakili?"

"Hivyo tu, mama!" akajibu kwa fahari, akimwonyesha mhuri.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yule mama akavuta kigoda, akamweleza kwamba haki hiyo ni ya mwenye kitabu, si yetu. Shemeji akavua miwani.

"Miaka saba nawagongea watu mhuri wa wizi?"

Mimi niliyekuwa najizuia kucheka, nikamhurumia kweli.

Afisa akasema hajakutana na mtu mwingine chuoni anayefunua ukurasa wa pili, maprofesa wakiwemo. Akamwachia chumba kwa sharti moja: aendelee kukagua vilevile, ila ageuze jibu. Kitabu chenye maneno yale kinataka barua ya ruhusa ya mwenye kitabu.

Basi juzi yule mama kashuka na toleo jipya la kijitabu chake. Mpiga chapa alikuwa ameongeza maneno kwenye ukurasa wa pili. Shemeji akasoma kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Kina haki ya kunakili, mama. Lete barua ya mwenye kitabu."

"Mwenye kitabu ni mimi!"

"Basi haitakuchukua muda."

Akavuta kigoda kilekile, akajiandikia barua ya kuomba ruhusa, halafu nyingine ya kujikubalia. Shemeji akazisoma zote mbili kwa kidole, akazigongea mhuri.