Ukuta wa Mama Mkwe

Mke wangu anauza chokaa. Hauzi saruji, hauzi nondo, hauzi rangi wala misumari; ukimwomba misumari atakuonyesha duka la jirani kwa kidole, bila hata kusimama. Dukani kwake kuna mapipa tisa ya chokaa iliyolowekwa miezi na miezi mpaka imekuwa laini kama siagi, mchanga wa aina tatu, na benchi moja la wateja. Alipofungua duka hilo nilimcheka mpaka mbavu zikaniuma. Mimi ni fundi mwashi, nimejenga kwa saruji tangu nipate akili, na kwangu chokaa ilikuwa kitu cha kuchorea mistari kwenye uwanja wa mpira.

Kabla ya hapo alikuwa muuzaji katika duka kubwa la vifaa vya ujenzi, moja ya yale yenye kila kitu kuanzia kitasa mpaka bati. Kilichomkera ni kwamba kila aliyekuja na shida ya ukuta alipewa saruji ileile, awe na nyumba ya juzi au ya miaka themanini. Wenye nyumba kongwe walirudi baada ya mwaka wakilalamika, wakauziwa mfuko mwingine. Yeye akaanza kuwauliza maswali, bosi akaona anachelewesha foleni, wakaachana kwa amani.

Kwake huuziwi kitu mpaka ulete kipande cha plasta ya nyumba yako. Anakikwaruza kwa ukucha, anakidondoshea maji, anaangalia kama yananyweka au yanateleza. Kisha anakuuliza nyumba ilijengwa lini, mvua inapiga upande gani, nani analala chumba hicho. Wapo wateja wanaomwona msumbufu. Mimi nilimwita daktari wa kuta, na sikuwa namsifu.

Sasa, mwaka mmoja kabla hajafungua duka, nilimkarabatia mama yake chumba cha kulala. Nyumba ile ni ya mawe na chokaa, ya zamani, na plasta yake ilikuwa inapukutika. Nilibandua yote, nikapiga saruji nzito, nikaisugua mpaka ikang'aa. Ilikuwa zawadi yangu. Mama mkwe alisimama mlangoni, akashika shavu, akasema nimemjengea ikulu. Aliwasimulia majirani mpaka nikaona aibu, ingawa, niseme ukweli, si aibu nyingi.

Tangu siku hiyo kila nilipokwenda kumsalimu nilikaribishwa sebuleni. Mkwe haingii ovyo chumbani kwa mama mkwe wake, kwa hiyo niliuliza tu ukuta unaendeleaje, naye akajibu kwamba ukuta hauna neno. Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba. Miaka sita ikapita hivyo.

Mwaka jana shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alikuja kumwona mama akamkuta anakohoa. Akaingia chumbani, akavuta pazia lililoning'inia mahali pasipo na dirisha. Nyuma ya pazia ukuta wote ulikuwa mweusi kwa ukungu, unatoka jasho. Akatuita sote sebuleni na kutangaza uamuzi: chumba kibomolewe, mama ahamie kwake, mji mwingine, kabla mvua hazijaanza. Mama hakubisha. Alikunja mikono, akatazama sakafu. Amelala chumba kile miaka arobaini na tano, watoto wake wote amewazalia humo, na mumewe alimfia humo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilimvuta mke wangu uani nikamuuliza kama alijua. Alijua, miaka mitatu mizima. Mama alikuwa amemwapisha.

"Alisema ulifanya kwa upendo," akaniambia. "Alisema ukijua, utaona aibu, hutakanyaga hapa tena."

Nilikasirika sana. Wanawake wawili wamenitunza kama yai, mmoja anakohoa nyuma ya pazia, mwingine ananisikiliza nikijigamba mezani! Lakini hasira ile haikukaa, maana nilijua chanzo chake ni nani. Nikamuuliza nifanye nini.

"Ukuta haujafa. Umeuziba pumzi," akasema. "Maji yanapanda kutoka ardhini, zamani yalikuwa yanatokea kwenye chokaa na kukauka. Simenti yako imeyafungia ndani. Ibandue."

Shemeji alikuwa mgumu. Mwishowe alikubali kusubiri: mvua zikija zikakuta ukuta mkavu, mama atabaki, zikikuta una unyevu, anaondoka, na hataki kusikia neno lingine.

Nilibandua kazi ya mikono yangu kwa tindo na nyundo siku tano. Ilikuwa imara, kwa bahati mbaya. Mawe ya nyuma yake yalikuwa yamelowa chapachapa. Nilitaka kuanza kupaka wiki hiyohiyo, daktari wa kuta akakataa kuniuzia. Mimi, mumewe! Wiki saba madirisha yalikaa wazi, mama analala sebuleni, na mimi napita pale kila siku kupapasa mawe, roho juu. Kila Jumamosi mke wangu naye alipapasa, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Siku aliyokubali alikuja na mapipa mawili na mchanga aliouchagua mwenyewe. Nilipaka tabaka tatu nyembamba, kila moja ikingoja wiki na zaidi, chini ya magunia mabichi ili isikauke kwa pupa. Nimezoea kumaliza chumba siku mbili. Mafundi wenzangu walipita kunichungulia, wakauliza kama nimeajiriwa na mke wangu. Nikajibu ndiyo, na sikupungukiwa kitu.

Mvua zilianza, zikapiga ukuta ule wiki tatu. Shemeji akaja. Aliweka kiganja, akaweka na shavu, akapekua pembe zote kama askari. Kisha akamgeukia mama.

"Basi, mama. Utabaki."

Nilitoka nje kwa kisingizio cha kuangalia mfereji, nikalia kidogo. Miezi mitano yote nilikuwa nimejiona mtu aliyemfukuza mama wa watu kwake. Niliporudi nilikuwa mwepesi, nikacheka hata vichekesho vya shemeji, ambavyo si vya kuchekesha.

Wiki iliyofuata mama aliniita chumbani. Pazia halikuwapo, kikohozi kilikuwa kimepungua, kitanda kimerudi mahali pake. Akasimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni. Nikajiandaa kusikia habari za ikulu.

"Hapo kwenye kona umepinda," akasema. "Tangu Jumatatu napaona, panakera. Ulikuwa unaangalia wapi?"

Nikamwambia panarekebishika.

"Basi parekebishe leo. Na ole wako unichafulie shuka."

Mlangoni mke wangu alikuwa anacheka mpaka amejishikilia fremu. Hivyo ndivyo mama anavyosema na watoto aliowazaa. Nikaenda kuchukua mwiko.