Aliyemwandika Mama Marehemu

Niliishia darasa la sita, kwa hiyo nikikosea kuandika, msomaji anivumilie. Ila jambo hili naamini sitalikosea, maana nimelirudia kichwani nikipalilia maharagi, nikimenya mihogo, hata kanisani wakati wa sala, Mungu anisamehe. Nataka kuandika jinsi nilivyomlipiza mwanaume mmoja wa kilima chetu. Nitaandika na yale yanayomtetea. Si kwamba nampenda.

Vita vilipofika kwetu tulikimbilia kambi ya Kitshanga, mimi, watoto wangu wawili na mama yangu. Mume wangu alikuwa Bisie, upande wa Walikale, akichimba kasiteriti, yale mawe ya bati, na habari zake zilikuwa zimekatika. Kule kambini yule mwanaume ndiye alikuwa mkubwa wa bloku yetu. Yeye ndiye aliyeandika orodha ya watu wa kupewa vitu: sabuni, sufuria, na shitingi, ile turubai nyeupe ya kufunika kibanda. Asiye na shitingi alilala chini ya majani ya migomba, na mvua ya Masisi haiyaheshimu majani ya migomba.

Siku ya kugawa, majina yakasomwa. La mama likafika, na msomaji akaongeza neno moja: marehemu. Mama alikuwa amesimama mstari wa mbele, kikapu mgongoni.

"Niko hapa," akasema. "Siyakufa."

Watu wakacheka. Mkubwa wa bloku akachukua karatasi, akaitazama, akamtazama mama, kama mtu anayelinganisha mihogo miwili sokoni.

"Mama, miye nitafanya nini? Iko kwa orodha. Ulikufa."

"Nilikufa lini, papa?"

"Juma ya kupita."

Shitingi yetu ikaenda kwa shemeji yake, aliyeingia kambini jana yake. Hilo sikuambiwa na mtu, niliona kwa macho yangu ikifungwa. Kwa haki niseme kwamba shemeji huyo alikuwa na watoto watano, na mmoja alikuwa na homa. Lakini mama naye alikuwa na kikohozi.

Tangu siku ile bloku nzima ilimwita mama Marehemu. Akienda mtoni: "Jambo, Marehemu." Akirudi: "Marehemu, umetuletea maji ya mbinguni?" Mwanzoni alicheka nao. Baadaye akaacha kutoka. Misimu miwili ya mvua ilimkuta chini ya majani, na katika ule wa pili akafa kweli. Siwezi kuandika kwamba yule mwanaume alimuua. Muuguzi alisema mapafu yalikuwa yameharibika tangu zamani. Naandika tu kwamba mama alipokufa sikuwa na haja ya kwenda kumwambia mtu wa orodha. Yeye alikuwa amekwisha kuandika.

Tulirudi kilimani, si mbali na Mushaki. Naye alirudi. Akalima, akasalimia watu, akasoma masomo kanisani kwa sauti nzuri. Mimi nilikaa benchi la nyuma nikimtazama kisogo.

Halafu ikaja programu ya shirika moja, ya kufundisha uongozi mwema. Waliijenga juu ya mfano wa mwami wetu wa zamani, chifu wa kilima, aliyekufa kabla mama hajazaliwa. Kila mtu wa kilima chetu anajua habari zake. Siku za salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, alibeba udongo kichwani kama wengine. Wazungu walipotaka orodha ya vijana wa kulima barabara, jina la kwanza aliloandikisha lilikuwa la mtoto wake mwenyewe. Na katika barza yake, pale watu walipokata mashauri, alikuwa na desturi moja: humshitaki mtu mpaka kwanza useme jambo jema alilokutendea, la kweli, mbele ya wote. Naye mshitakiwa, kabla ya kujitetea, aseme jema moja ulilomtendea wewe. Asiyelipata, neno lake linaanguka na anakaa chini. Hakuna ruhusa ya kunong'onezwa na ndugu. Wazee wanasema mwami aliona kwamba asiyekumbuka jema lolote la jirani yake hajaishi naye.

Mwalimu wa programu alikuwa dada mmoja kutoka Walikale, mwenye buti za mvua na kicheko kikubwa. Kila Alhamisi alitukusanya katika darasa la shule ya msingi, na akairudisha ile barza na desturi yake. Mwisho wa masomo tungemchagua mkubwa wa komite ya mbegu. Huyo ndiye angeandika orodha ya watu wa kupewa maharagi ya kupanda na majembe.

Orodha tena. Na watu walikuwa wakimtaja yule mwanaume wa bloku, maana ana mwandiko mzuri. Ni kweli, anao. Mwingine aliyetajwa alikuwa mama mushonaji, mwenye mwandiko kama wangu, wa kuku aliyekanyaga wino. Mwalimu akatangaza kwamba mwenye neno juu ya mmoja wao alilete barzani kwa desturi ya mwami. Nikasema moyoni: siku yako imefika.

Shida ilikuwa lile jema, maana lilikuwepo. Tulipokuwa tukikimbia, kwenye mteremko wa matope, miguu ya mama ilikataa. Yule mwanaume aliweka chini godoro lake, akambeba mama mgongoni mpaka juu ya mlima. Aliporudi, godoro halikuwepo. Juma nzima nilijiuliza kama ningeweza kusema jema dogo zaidi, kwamba anasoma vizuri kanisani, kwa mfano. Desturi inataka jema la kweli, haisemi liwe kubwa. Lakini nilijua nikilificha lile la matope nitakuwa nimeandika orodha ya uongo kama yeye.

Basi nilisimama nikalisema lote, na godoro ndani. Watu wakapiga makofi. Papa mmoja akasema, "Huyo njo kiongozi." Nikaona nimemchagua mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Halafu nikasema habari ya shitingi na neno marehemu. Makofi yakakoma. Waliokuwa kambini walijua, na wengi wao ndio waliocheka siku ile. Wakainama.

Yule mwanaume alipotaka kujibu, mwalimu akamkumbusha aanze na jema.

"Huyu mama ni muntu muzuri," akasema. "Anatumika kazi."

"Muzuri namna gani?" akauliza mzee aliyekalia kiti cha barza. "Sema kitu alikufanyia weye."

"Anasalimia watu."

"Hata mbuzi yangu inasalimia watu," mama mmoja akasema, na darasa likacheka.

Akanitazama. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza kunitazama kweli. Alitafuta, nikamwona akitafuta. Na kile alichokitafuta kilikuwepo. Miezi michache baada ya ile siku ya shitingi, yeye akiwa amekwenda Sake kwenye mkutano, mkewe alikuwa anarudi mtoni uchungu ukamkamata mbele ya kibanda chetu. Alizalia ndani kwetu, mvua ikipita kati ya majani. Nilimpokea mtoto kwa mikono hii, nikapasua kitenge changu nikamfunika, nikampikia mzazi uji kwa juma nzima. Aliporudi kutoka Sake alimkuta mtoto ameoga na amelala. Hakuuliza nani alimpokea.

Mkewe alikuwa pale, kwenye benchi la akina mama. Alinikazia macho. Yeye hakuwa na ruhusa ya kusema. Mimi nilikuwa nayo.

Mzee akanigeukia. "Mama, kuko kitu ulimufanyia, pengine amesahau?"

"Hapana, papa," nikasema. "Hakuna."

Neno lake likaanguka. Alikaa bila kujitetea, na mama mushonaji ndiye anaandika orodha ya mbegu. Nimekwisha kuiona. Ina makosa mengi, lakini hakuna aliye hai aliyewekwa na wafu. Siku ile nilikula maharagi sahani mbili, na utamu wake siwezi kuukana. Labda alikuwa na la kujitetea. Labda mkubwa mwingine juu yake ndiye alibadilisha karatasi. Mimi ndiye nimefanya lisisikike, na nikijiuliza kama najuta, jibu ninalolipata si zuri kuliandika.

Siku ya tatu mkewe alinifuata shambani. Hakunisalimia.

"Ulisema hakuna kitu. Mutoto wangu ni hakuna?"

Hilo lilinichoma, nakiri. Mtoto yule ni msichana sasa, anasoma darasa la pili, na akipita ananiita bibi. Nililima mpaka mwisho wa tuta, kisha nikasimamisha jembe.

"Mama, mwambie bwana yako anishitaki," nikasema. "Nilidanganya mbele ya barza. Weye uko mushahidi, na miye sitakana."

Akageuka, akaondoka.

Alhamisi mbili zimepita, barza inaendelea, na bwana yake hajaja. Mimi nakwenda kila mara, nakaa benchi la mbele. Akija nitaanguka, na nitastahili. Watu watanitazama kama nilivyotaka wamtazame yeye. Lakini kabla ya kunishitaki itambidi aseme lile jema, kwa sauti yake ya kanisani. Atasema mtoto wake alizaliwa wapi, na mvua ilipita wapi. Nipo tayari kulipa bei hiyo nimsikie.