Nilipovamia Ua wa Wanawake

Wasomaji wenzangu, nimechoka hata kujitetea. Kazi yangu hapa Tanga ni kuzunguka na gari la sinema la serikali ya Mwingereza. Jumamosi, pale Usagara, mume kwenye picha ya Kihindi alipomzaba mkewe kofi, nilisimamisha mashine nikahubiri: "Mkisikia mwanamke anapigwa, msiseme ni mambo ya nyumbani. Ingieni!" Walinishangilia mpaka kichwa kikavimba.

Jana jioni narudi hoi, nikasikia nyuma ya ua wa makuti mwanamke analia, na sauti nzito inafoka: "Chakula kiko wapi, we mwanamke? Utakula bakora!" Nikausukuma mlango kwa bega.

Kelele zilizopigwa humo! Walikuwa wanawake tupu, wanamfunda mwari anayeolewa Ijumaa. Kungwi alikuwa amejifanya mume mkorofi, ili binti asije akamvumilia wa namna hiyo.

Nikaanza kuomba radhi. Ndipo nikalitambua koti alilovaa kungwi: langu. Na maneno yale ya chakula na bakora, yangu ya juzi nyumbani kwangu. Aliyelala mkekani akilia alikuwa mke wangu.

Kungwi hakulivua koti. "Mwari," alisema, "mtazame vizuri. Huyu ndiye mwenyewe."