Nyasi za Shangazi na Mlingoti wa Upepo

Nilikuwa mjinga, tena mjinga mwenye shahada. Mtaalamu aliyeniajiri alikuwa amepima upepo miaka mingi kwenye pwani za barafu, huko ncha ya dunia, akiangalia unavyokimbia juu ya barafu laini na unavyochoka ukikuta mabonge. Huku kijijini kwetu Nkololo alitaka kuona mambo hayo hayo kwenye nyasi. Nikampeleka kwa shangazi yangu, mjane aliyenilea tangu sijui kuvaa suruali.

Shangazi alikuwa na ngitili, yaani kipande cha malisho kinachofungwa masika yote, haingii hata mbuzi, ili kiangazi kikikaza ng'ombe wawe na cha kula. Ng'ombe wake walikuwa watatu. Tukasimamisha mlingoti wa kupimia upepo pembeni, tukapima nyasi zikiwa zimefika kiunoni. Kisha mtaalamu akataka zifyekwe, apime ardhi ikiwa tupu.

Shangazi alikataa. Mimi ndiye niliyembembeleza, kwa Kisukuma, nikimwita mayu, yaani mama, kwa sauti ya kudeka. Nikamwambia nyasi tutazifunga mizigo, ng'ombe watakula zizini bila kuhangaika. Akakubali kwa sababu ni mimi niliyesema.

Tukafyeka, tukarundika. Kesho yake mtaalamu akayatazama marundo, akatikisa kichwa. Akasema marundo nayo yanakwaza upepo, yaondolewe leo. Ningeweza kuita majirani wabebe. Ingechukua siku mbili, naye angenuna. Nikawasha kiberiti. Shangazi alikuwa mnadani.

Vipimo vilitoka safi. Upepo uliongezeka kasi kama alivyotarajia, nikasifiwa mbele ya wenzangu, na nilifurahi, nisidanganye.

Mvua zikachelewa. Ng'ombe wawili wakafa. Wa tatu alikuwa na mimba, na kila asubuhi majirani walikuja kumnyanyua kwa miti miwili chini ya tumbo, mmoja akivuta mkia. Niliporudi likizo nami nikashika mti. Shangazi hakuitikia salamu yangu. Siku ya tatu ng'ombe alishindwa kabisa kusimama, akaitwa mchinjaji.

Mchinjaji alimpapasa mbavu, akasema hapa hakuna nyama, labda ngozi. Kisha akanitazama, viatu hadi shati, akamuuliza shangazi kama mimi ni mtoto wake.

"Hapana," akasema. "Huyu ni mtu wa utafiti."